Kusikiliza Nako ni Kufundisha: Santuri za Jazi kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwaka juzi, katika majuma ya mazoezi ya kufundisha, mwalimu mwanafunzi mmoja wa chuo chetu aliingia Darasa la Nne akiwa na simu yake, spika ndogo aliyoiazima kwa muuza chipsi wa jirani, na maandalio ya somo yaliyojaa ukurasa mmoja tu. Aliwapa watoto swali moja: "Huyu mtu ana mikono miwili na miguu miwili kama ninyi. Sikilizeni, kisha mniambie miguu yafanya nini na mikono yafanya nini." Akawasha spika. Kwa muda wa dakika tatu na nusu hivi, darasa lenye watoto sabini na kitu lilinyamaza likamsikiliza mtu mmoja apigaye ngoma peke yake. Mwalimu naye alinyamaza. Mtathmini aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa aliandika katika fomu yake kwamba kwa muda wa dakika nne mwalimu hakufundisha, na kwamba ubao ulikuwa mtupu. Alama zikapunguzwa.

Mimi ndiye niliyekuwa mkufunzi wa mwalimu huyo, na wazo la kutumia santuri ile lilitoka kwangu. Tulipokaa kikao cha kupitia alama sikusema neno. Nilijiambia kwamba fomu ni fomu, kwamba alama zilizopunguzwa ni chache, kwamba saa zimekwenda na wenzangu wamechoka. Yeye hakulalamika, alikuja ofisini kwangu na nakala ya fomu ile imekunjwa mara nne, akaniuliza kama kweli hakufundisha. Nilimjibu kwa maneno ya kumfariji, na maneno ya kumfariji hayakuwa jibu. Makala haya ni jibu lililochelewa. Nataka kueleza yale yaliyonipasa kuyaeleza kikaoni siku ile, na kuwapendekezea ninyi mnaojiandaa kwa kazi hii baadhi ya santuri za jazi zifaazo kuingia darasani, hasa zile ambazo mpigaji yu peke yake na ala yake.

Tunafundishwa, nanyi mmefundishwa, kwamba stadi za lugha ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Hizi tatu za mwisho zina vipindi, zina vitabu, zina mitihani. Ya kwanza hudhaniwa kuwa huja yenyewe kama meno ya mtoto. Mwalimu husema "Sikilizeni!" mara ishirini kwa siku, wala hapana siku hata moja anapomwonyesha mtoto namna ya kusikiliza: asikilize nini kwanza, ashike nini, aache nini, na afanye nini akili inapopotea katikati. Katika muziki hali ni hiyo hiyo. Kipindi cha muziki katika shule zetu nyingi ni kipindi cha kuimba: kwaya ya kupokea wageni, wimbo wa kuhesabu, wimbo wa kusafisha meno. Siudharau uimbaji, watoto wetu huimba vizuri kuliko watoto wa nchi nyingi zenye vinanda madarasani. Lakini aimbaye husikia zaidi sauti yake mwenyewe. Kunyamaza ili kumfuata mtu mwingine toka mwanzo wa fikira yake hadi mwisho ni kazi nyingine kabisa.

Mwenzangu mmoja, ambaye maoni yake nayaheshimu, aliniuliza kwa nini niende Marekani kutafuta ngoma ilhali ngoma zimejaa hapa. Swali hilo lina haki yake. Jibu langu ni kwamba ngoma za mahali ulipo zitangulie; mwalimu asiyeijua ngoma ya kijiji anachofundisha asianze na santuri ya mtu yeyote. Lakini jazi ina jambo ambalo limehifadhiwa katika santuri kwa muda wa zaidi ya miaka 100 na kwa wingi usiopatikana kwingineko: sauti ya mtu anayetunga papo hapo, ndani ya mipaka ambayo msikilizaji aweza kujifunza kuijua. Wapigaji hupewa wimbo wenye urefu maalumu, aghalabu vipande 12 au 32, kisha kila mmoja huuzunguka wimbo ule kwa zamu yake, akibuni mahadhi mapya bila kuuvunja mzunguko. Mswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Katika malumbano ya mashairi mshairi hupokea vina na mizani za mwenzake, na ndani ya vina na mizani hizo humjibu. Mpenzi wa taarabu naye anajua taksim, pale ambapo mpiga udi au kanuni hupiga peke yake kabla wimbo haujaanza, akiitafuta njia kwa vidole huku wenzake wakimngoja.

Neno lenyewe, jazi, lataka ufafanuzi kidogo, maana kwetu lina historia yake. Babu na bibi zenu walicheza dansi la Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na OK Jazz ya Kinshasa. Bendi hizo zilichukua jina, lakini muziki wao ulikuwa dansi letu wenyewe lililochanganyika na rumba ya Kuba. Jazi ninayoisema hapa ni ile iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20, na iliyoanza kuingia katika santuri mwaka 1917. Waliouzaa muziki huo ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na kuitikiana kwa manju na waitikiaji wake kumo ndani yake hata pale ambapo hapana mtu anayeimba.

Kwa nini basi mpigaji wa peke yake? Sababu ya kwanza ni ya sikio. Spika ndogo humeza besi na kuchanganya ala, na mtoto wa miaka tisa hawezi bado kuzitenga ala tano zinazosema kwa pamoja. Mpigaji mmoja aweza kufuatwa kama mtambaji wa ngano anavyofuatwa. Sababu ya pili ni yetu sisi walimu: wengi wetu hatukusomea muziki, na mbele ya bendi nzima tunapotea, tunaanza kutoa mhadhara juu ya maisha ya mpigaji ili kuficha kwamba hatusikii kinachopigwa. Mbele ya ala moja mwalimu na mtoto wako sawa. Wote wawili wana masikio tu.

Santuri aliyoitumia yule mwalimu wetu ni *Drums Unlimited* ya Max Roach, iliyotolewa mwaka 1966. Ina nyimbo sita, na katika hizo tatu ni ngoma tupu bila ala nyingine yoyote. Aliyoichagua yaitwa "The Drum Also Waltzes". Miguu ya Roach hurudia mdundo mmoja wa mapigo matatu toka mwanzo hadi mwisho, bila haraka wala uchovu, na juu ya mdundo huo mikono huzungumza: husema sentensi fupi, hunyamaza, huirudia kwa namna nyingine, huirefusha, hunyamaza tena. Katika ile minyamazo ndipo mtoto anapoisikia miguu, na anaposhtuka kwamba kumbe ilikuwapo muda wote. Nilikuwa nimeketi karibu na mtathmini siku ile. Niliona mtoto mmoja wa dawati la nyuma akitikisa goti lake kwa mapigo ya tatu tatu, kisha akijaribu kugonga dawati kwa vidole mdundo mwingine, goti likasimama. Akaanza upya. Alijaribu mara nne au tano. Hilo ndilo lililokuwa likifanyika katika dakika zile ambazo fomu yasema hapakuwa na somo. Santuri ilipokwisha watoto walieleza mambo ambayo mimi, kwa miaka yangu yote ya kuisikiliza, sikuwa nimeyaweka katika maneno. Mmoja alisema miguu ni kama mama anayetwanga na mikono ni kama watoto wanaocheza uani.

Kwa mwalimu anayeanza, sina santuri nyingine ya kuitanguliza mbele ya hiyo.

Ya pili si ya peke yake yote, ila mwanzo wake ni wa peke yake, nao umeingia katika historia. Tarehe 28 Juni 1928, mjini Chicago, Louis Armstrong na wenzake wanne na zaidi walirekodi "West End Blues". Kabla bendi haijaingia, Armstrong hupiga tarumbeta peke yake kwa sekunde zisizotimia 15. Anapanda kama mtu apandaye ngazi mbili mbili, anafika juu, anakaa, kisha anateremka kwa njia nyingine. Mchezeshe mtoto sekunde hizo peke yake, mara tatu, na umtake achore kwa kidole hewani njia ya sauti ile. Katikati ya wimbo huo huo Armstrong anaweka tarumbeta kando na kuimba sauti tupu zisizo na maneno, akiitikiana na klarineti. Watoto hupenda kumwiga, na waachwe wamwige. Napenda pia kukumbuka, nawe ukipenda uwaambie, kwamba mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri zake za kwanza. Watu wawili waliotoka katika ufukara, kila mmoja upande wake wa dunia, waliingia mbele ya chombo kile kile kipya katika mwaka mmoja.

Coleman Hawkins namtaja kwa upesi. "Body and Soul" yake ya mwaka 1939, kwa saksafoni, hufaa kwa madarasa ya juu kwa sababu huutaja wimbo mwanzoni tu kisha huuacha, na mwanafunzi aweza kuulizwa ni wapi alipouacha. "Picasso" yake ya mwaka 1948, ambamo saksafoni iko peke yake pasipo hata ngoma ya kuishikilia, ni kwa ajili yako wewe mwalimu, si ya watoto.

Sasa nije kwa Thelonious Monk, ambaye juu yake ningeweza kujaza jarida zima. Alirekodi santuri kadhaa za piano peke yake. *Solo Monk* ya mwaka 1965 ndiyo iliyo nyepesi kwa mtoto: mkono wa kushoto huenda kwa madaha kama mzee mwenye fimbo, na wa kulia hujikwaa makusudi. Lakini ninayoipendekeza kwa nguvu ni *Thelonious Himself* ya mwaka 1957, na hasa matoleo yake ya baadaye, ambayo yameongezewa zaidi ya dakika 20 za Monk akiutengeneza wimbo wake mwenyewe, "'Round Midnight". Huu ni wimbo alioutunga yeye, alioupiga kwa miaka mingi, unaojulikana dunia nzima kwa jina lake. Na bado tunamsikia akianza, akisimama, akirudi nyuma, akijaribu sauti mbili zilizokaribiana na kuchagua moja, akianza tena. Hapana haraka. Hapana aibu.

Fikiri, ndugu mwalimu mwanafunzi, ni mara ngapi mtoto wa shule ya msingi humwona mtu mzima anayeijua kazi yake akikosea, akafuta, akarudia. Sisi huingia darasani na hesabu iliyokwisha kokotolewa katika daftari la maandalio; twaiandika ubaoni kutoka juu hadi chini bila kusita, nao wanadhani kwamba kujua ni kutositasita. Mtoto akosaye hesabu mara mbili hufikia uamuzi kwamba yeye si wa hesabu. Dakika nne za Monk akiutafuta wimbo wake zaweza kutangulia kipindi cha insha au cha hesabu, na swali likawa: "Amerudia mara ngapi? Kwa nini, mnadhani?" Wahesabu kwa vidole. Usiwaambie jibu la swali la pili.

Wapenda gitaa, na kwetu ni wengi, watafute *Virtuoso* ya Joe Pass, iliyorekodiwa mwaka 1973. Gitaa moja lashika wimbo, besi na sauti za kuitikia kwa pamoja. Kwa mtoto ambaye kaka yake hupiga gitaa kanisani au kwenye bendi ya mtaani, mshangao wake watosha kuwa somo.

Kuna santuri moja ambayo mtaisikia ikisifiwa kila mahali ijapo habari ya piano ya peke yake, nayo ni *The Köln Concert* ya Keith Jarrett. Ilirekodiwa katika jumba la opera la mji wa Köln, Ujerumani, usiku wa tarehe 24 Januari 1975, na imeuzwa kwa mamilioni. Kisa chake ni maarufu. Jarrett, kijana wa miaka 29, alifika akiwa amechoka na mgongo unamuuma. Piano aliyoiomba haikuwapo. Aliwekewa nyingine ndogo ya mazoezi, sauti zake za juu nyembamba, za chini hafifu, na vikanyagio vyake vibovu. Alikaribia kukataa kupiga. Hatimaye akapiga, kwa muda wa zaidi ya saa moja, bila wimbo uliotungwa kabla, akikaa zaidi katikati ya kinanda ambako sauti zilikuwa na uzima, na akirudia kwa mkono wa kushoto midundo mizito ili kuipa piano nguvu isiyokuwa nayo.

Ni santuri nzuri, naipenda, na dakika saba za mwanzo zafaa sana darasani. (Watoto watacheka wakimsikia Jarrett akiguna na kuimba huku anapiga. Wacheke, kisha uwaulize ni wakati gani anapoguna.) Lakini nawaonya juu ya kisa. Nimekisikia kikisimuliwa katika semina zaidi ya moja, na kila mara kilisimuliwa na mtu aliyetaka kutuambia kwamba upungufu wa zana si hoja, kwamba mwalimu hodari hufundisha hata bila chaki. Kisa hakisemi hivyo. Mafundi walifanya kazi kwa saa kadhaa kuirekebisha piano ile kabla ya mpigaji kukaa. Mpigaji mwenyewe alikuwa amefundishwa piano tangu hajatimiza miaka mitatu. Na jambo hilo lilimpata usiku mmoja, si miaka thelathini mfululizo ya utumishi. Mwalimu mwenye watoto 90 na vitabu 12 anapoambiwa habari ya Köln, ana haki ya kuuliza mafundi wako wapi.

Upande mwingine wa dunia, miaka michache kabla ya hapo, Abdullah Ibrahim, mzaliwa wa Cape Town wa mwaka 1934, alikuwa uhamishoni akiukimbia ubaguzi wa rangi. Mwezi Oktoba 1969 alipiga piano peke yake katika klabu moja ya Copenhagen, na santuri iliyotoka humo, *African Piano*, ilitolewa kwa jina alilokuwa akijulikana nalo zamani, Dollar Brand. Wimbo wake wa kwanza unaitwa "Bra Joe from Kilimanjaro". Mkono wa kushoto unaanza kwa duru fupi ya sauti za chini, ile ile, ile ile, kama watu wanaopandisha mlima bila kuzungumza, na msikilizaji hungoja muda mrefu kabla mkono wa kulia haujasema kitu. Nyimbo zake hufuatana bila kusimama, upande mzima wa santuri, na mle ndani mna nyimbo za kanisani za Cape Town, mna mitaa, mna hasira. Mimi husema kwamba mtoto aliyeielewa miguu ya Max Roach atauelewa mkono wa kushoto wa Ibrahim, na hapo atakuwa amevuka kutoka ngoma hadi piano bila mtu kumweleza nadharia yoyote.

Santuri mbili si za mpigaji mmoja, lakini mwalimu wa Kiswahili hana budi kuzijua. Ya kwanza ni *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru na mwaka mmoja kabla ya Tanganyika. Ni kazi ya bendi kubwa, iliyopangwa na Melba Liston, na sehemu zake zina majina kama "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Shairi la uhuru lililomo humo liliandikwa na Langston Hughes, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga analisoma kwa Kiswahili. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1964. Nadhani hapana sifa kubwa kuliko hiyo. Wachezeshe wanafunzi wa Darasa la Saba dakika za Kiswahili bila kuwaambia zinatoka wapi, uone nyuso zao.

Ya pili ni *Mwandishi* ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971. Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, wa besi Mchezaji, wa ngoma Jabali, wa tarumbeta Mganga, na mpiga tromboni Pepo Mtoto. Majina yatawachekesha wanafunzi wenu, na kicheko hicho ni mlango mzuri wa kueleza kwa nini watu wa mbali walikitafuta Kiswahili ili kujiita upya. Muziki wenyewe ni mgumu na mrefu. Majina yatangulie, muziki ungoje.

Na kwa ajili yenu wenyewe, jioni, mtafute pia *The Story of Jazz*, ambayo Langston Hughes yule yule aliisimulia mwaka 1954 mahsusi kwa watoto. Isikilizeni kama somo la ualimu: jinsi anavyosema maneno machache na kuuachia muziki nafasi.

Nisije nikaonekana kwamba sikukosea kamwe, nieleze pia kosa langu. Miaka mingi iliyopita niliingia Darasa la Tano na *For Alto* ya Anthony Braxton, santuri mbili za saksafoni tupu zilizotolewa mwaka 1971, kazi ambayo ilifungua njia kwa wapigaji wengi wa saksafoni ya peke yake. Nilikuwa nimeipenda na nilitaka kuonekana mtu wa mambo mapya. Baada ya dakika moja watoto walikuwa wameziba masikio. Mmoja aliinua mkono akauliza kwa adabu kama redio imeharibika. Santuri haikuwa na kosa. Niliwapa watoto mwisho wa njia kabla ya mwanzo wake, jambo ambalo katika hesabu nisingelithubutu.

Juu ya namna ya kufundisha nina machache. Chagua kipande kisichozidi dakika nne. Toa swali moja kabla ya kuwasha, na swali hilo lijibike kwa kusikia tu: nani anasema kwanza, wapi pamenyamaza, nini kimerudi. Usizungumze santuri inapopiga, hata kwa kunong'ona, hata kama mkaguzi ameingia. Cheza mara mbili. Mara ya kwanza watoto husikia kelele za ugeni, mara ya pili ndipo husikia muziki. Kisha waache wajaribu kwa madawati, vifuniko vya ndoo na vinywa vyao. Usiulize "Mmependa?" kwa maana watajibu "Ndiyo, Mwalimu" kwa sauti moja, nawe hutakuwa umejua lolote. Uliza walichosikia.

Wako watakaosema kwamba katika darasa la watoto 90, ambamo wengine hawajui kusoma, huu ni upuuzi wa mtu aliyeshiba. Sitawabeza. Sidai kwamba Max Roach atamfundisha mtoto kusoma silabi, wala sitaki kipindi cha kusoma kipunguzwe hata kwa dakika moja. Naomba dakika nne kwa juma kutoka katika muda ambao sasa unakwenda kwa mazoezi ya wimbo wa kupokea wageni. Na ninadai jambo moja dogo ambalo kila mmoja wenu aweza kulipima mwenyewe katika majuma sita ya mazoezi: andika tarehe ya siku ya kwanza na muda ambao darasa liliweza kukaa likifuata sauti moja kabla ya kutawanyika. Uandike tena kila juma.

Kuhusu fomu, nimekwisha andika barua kwa wahusika nikiomba kipengele kimoja kiongezwe, kinachouliza kama mwalimu alijua wakati wa kunyamaza na kama wanafunzi walikuwa na kazi ya kufanya katika kimya hicho. Ni mstari mmoja tu katika karatasi yenye mistari mingi. Bado nangoja.

Yule mwalimu mwanafunzi sasa anafundisha katika shule ya kijijini, mbali na barabara. Mwezi uliopita aliniandikia ujumbe mfupi. Watoto wake, alisema, wanamtaka "yule wa miguu" kila Ijumaa, wameshamjua mno, na yeye hana kingine. Je, amletee nani? Nimemjibu ampe Bra Joe wa Kilimanjaro, dakika nne za mwanzo tu, na swali moja: mkono wa pili unaingia lini?